Wimbo wa Mzee Mwita Nilioupiga Vibaya Miaka Ishirini

Jumatano asubuhi niliondoka Nyarero na gitaa mgongoni. Jumamosi bendi yetu ilikuwa ipige harusini, nami kwa kiherehere changu nilishawaahidi watu wimbo wa Mzee Mwita, mtu wa kwanza kupiga rokenroli kwa gitaa la umeme huku kwetu Tarime. Wapiga gitaa wote wa hapa, wa baa na wa kanisani, wanamwiga yeye. Mimi nimemwiga kutoka kwenye kaseti kwa miaka ishirini, ila katikati ya wimbo kuna mahali vidole vyangu havijawahi kufika. Niliogopa kuaibika, nikaamua kumfuata mwenyewe kwake Morotonga.

Saa nne mimi na dereva wa bodaboda tulisimama Kerende, karibu na mgodi wa dhahabu, pikipiki ipoe. Mama muuza chapati aliutazama mfuko wangu.

"Hiyo ni mashine ya kupimia dhahabu?"

"Ni gitaa, mama."

"Basi huku hupati kitu. Kunywa chai."

Mchana, baada ya kuvuka Mto Mara na kumeza vumbi la kutosha, nilifika Morotonga. Mzee Mwita alikuwa zizini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mura," aliniitikia, yaani kijana kwa Kikurya. "Umeleta gitaa au umeleta vumbi?"

Nilimweleza shida yangu. Alichukua gitaa lake, akapiga pale paliponishinda huku akimtazama ndama. Ndipo nikagundua nyuzi zake hazikukazwa kama zangu.

"Nilizikaza kama litungu la baba," alisema. Litungu ni kinanda chetu cha jadi, cha nyuzi nane. "Gitaa lilikuja bila mwalimu, mura. Nikajua ndivyo linavyokazwa."

"Mimi nimevunja vidole miaka ishirini!"

Alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi. "Sasa wewe pale unapitaje?"

Nikapiga kwa aibu, nikikwepea kwenye nyuzi nyembamba na kurudi kwenye nyuzi nene nimechelewa. Aliacha kucheka, akamwita mkewe.

"Mama Bhoke, njoo usikie huyu wa Nyarero alivyouharibu wimbo wangu!"

Mama Bhoke alisikiliza, mikono ina unga. "Umeharibika vizuri," alisema.

Mzee akavuta kigoda karibu yangu. "Rudia. Polepole, nione vidole."

Alhamisi nilirudi nyumbani, nikiwa nimeshajua kukaza nyuzi kama yeye. Njia nzima nilifikiri kwamba mtu niliyemwiga miaka yote hiyo naye alianza kwa kubahatisha. Jumamosi harusini nilizikaza nyuzi kama nilivyozoea, nikaupiga wimbo kwa makosa yangu yote, na sikumwomba mtu radhi.