Dalali Apima Ua

Dalali wa almasi pale Maganzo haamini macho matupu. Lenzi yake inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, na kwa lenzi hiyo hukagua dagaa, mbegu za mahindi, hata meno ya mchumba wa bintiye. Kila kitu hukipulizia pumzi akasubiri ukungu upotee, kisha hukitumbukiza kwenye glasi yake ya maji ya moto aone kama kitazama. Kikielea, hutamka kwa sauti ya padri anayefungisha ndoa: "Feki."

Juzi mpwa wake Martina, mtaalamu wa mimea, alipita akitokea kwenye misitu ya milimani. Ndani ya gazeti alibeba mmea mkavu unaoparamia miti, aina mpya kabisa, iliyopewa jina mwezi huu huu, na ua lake lililopatikana ni hilo moja tu.

"Lete nipime," alisema dalali.

"Mjomba, usiliguse!"

Lilishafika kiganjani. Akalipulizia, ukungu haukushika. Akalitumbukiza glasini, likaelea.

"Mayu, mama yangu, umepigwa," alisema kwa huruma. "Feki."

Martina akaikamata glasi kwa mikono miwili, machozi yakimlenga, halafu akatulia. Mle majini petali zilizosinyaa zilikuwa zikifunguka moja moja, zambarau tupu.

"Hivi ndivyo tunavyofungua maua makavu maabara," alinong'ona.

Dalali akainama na lenzi yake, akatazama mpaka pua ikalowa.

"Loo," alisema. "Aliyeitengeneza feki hii ni fundi kwelikweli."