Mwokota Njiwa

Mtu akikutana na Flippie Kammies kwa mara ya kwanza, hudhani analengwa shabaha. Jicho lake la kushoto limefumba nusu wakati wote, na la kulia hukutazama kana kwamba linapima umbali. Wageni hukosa raha. Wenyeji wa mji mdogo wa Rietkuil wamekwisha kuzoea. Wao husema ni jua la Karoo, nyika kame ya Afrika Kusini, lililolifumba jicho hilo, maana Flippie ni fundi wa pampu za maji zinazoendeshwa na upepo, na fundi wa pampu za upepo hushinda juu ya mnara akikodolea gurudumu linalozunguka kwenye anga tupu. Fia, mkewe, alikuwa na maelezo yake.

"Hilo jicho," alikuwa akisema, "limefumba tangu utotoni. Linasubiri bunduki ambayo haikuja."

Fia hakukosea sana. Flippie alikulia katika shamba la kondoo ambako baba yake alikuwa mkata manyoya. Mwana wa mwenye shamba, Kobus, alikuwa rika lake, na Kobus alikuwa na bunduki ya upepo: ndefu, nzito, yenye kitako cha mti wa rangi ya asali. Kila alasiri wawili hao walitoka pamoja. Kobus alilenga, Flippie alikimbia. Njiwa akiangukia miibani, Flippie ndiye aliyeingia. Akiangukia ng'ambo ya birika la kunyweshea kondoo, Flippie ndiye aliyezunguka. "Kimbia, Flippie, kimbia kabla hajaamka!" Hakuna aliyemlazimisha. Ndivyo mambo yalivyokuwa katika mashamba yale; mmoja hulenga, mwingine huokota, na kila mtoto alijijua yeye ni yupi bila kuambiwa. Siku moja tu Kobus alimwachia aishike. Kabla Flippie hajaegemeza shavu lake kwenye kile kitako, kengele ya chakula ililia, nao wakaenda kula, kila mmoja kwa mlango wake.

Miaka mingi ilipita. Flippie akawa fundi, akaoa, akapata binti, Delmarie. Na Delmarie ndiye aliyeirudisha bunduki katika maneno ya nyumba ile.

Kila majira ya kuchipua, kanisa la Rietkuil huwa na gulio lake. Kinamama huuza keki na jamu ya tini, wanaume huchoma nyama ya kondoo, na nyuma ya ukumbi husimamishwa hema la shabaha. Watoto huja na bunduki zao za upepo kulenga vifuniko vya chupa vilivyotungikwa kwenye uzi, na mshindi huenda nyumbani na mwanakondoo hai. Sharti ni moja, nalo halina msamaha: mtoto huikunja bunduki kwa mikono yake. Mtutu wa bunduki ya aina hii hukunjwa chini kwa nguvu mpaka springi ya ndani ishike, ndipo punje ya risasi itiwe. Mzazi haruhusiwi kusaidia. Wazee husema asiyeweza kuikunja bado hajawa mtu wa kuibeba.

"Baba," Delmarie alisema jioni moja, akichovya mkate mkavu katika chai, "Jeandré ananiambia wasichana waende hema la keki."

"Jeandré yupi? Yule mwenye masikio kama milango ya gari?"

"Huyo huyo. Eti mimi nitaogopa hata mlio."

Flippie akaweka kikombe chini, akamgeukia binti yake. "Tutanunua bunduki, mama. Moja. Iwe yetu sote wawili."

"Nusu kwa nusu?"

"Nusu kwa nusu."

"Basi nusu yangu ni ile ya kufyatulia."

"Nami nitabaki na kitako? Haya, nimekubali." Wakacheka wote, hata Fia aliyekuwa amegeukia jiko.

Ahadi ilikuwa hiyo. Flippie aliitoa kwa moyo mweupe, na alipokwenda duka la ushirika siku chache baadaye, bado aliamini kwamba anakwenda kwa ajili ya mtoto.

Mwenye kaunta alikuwa Shangazi Hester, mama wa makamo aliyeuza kila kitu kuanzia dawa ya kupe hadi sketi za shule. Alimwekea bunduki mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa fupi na nyepesi, kitako chake cheusi, haina urembo wowote. Ya pili ilikuwa ndefu. Kitako chake kilikuwa cha mti wa rangi ya asali.

"Mtoto yuko wapi?" Shangazi Hester aliuliza.

"Nyumbani. Nataka kumshtukiza."

"Flippie, hata viatu havinunuliwi bila mguu. Bunduki ya mtoto huchaguliwa na mikono ya mtoto."

"Atakua, Shangazi."

"Na gulio je? Litamsubiri akue?"

Flippie alicheka tu. Mkono wake ulikuwa umeishika ile ndefu tangu alipoingia. Aliikunja, akaifunga, ikatoa mlio mzito aliokuwa ameubeba masikioni tangu utotoni. Akaegemeza shavu kwenye mti. Ulikuwa wa baridi, laini, na hapakulia kengele yoyote.

"Nipe hii."

"Ni yako au ni ya mtoto?"

"Ni yetu," alisema Flippie, na hakuweza kumtazama usoni.

Nyumbani, Delmarie aliipokea kwa mikono miwili kama anayekabidhiwa mtoto mchanga. Alijaribu kuikunja, haikukunjika. Akakikaza kitako pajani, akaushika mtutu karibu na ncha, akaning'inia mpaka visigino vikaachana na ardhi. Springi haikushika. Uso wake uliiva.

"Ni nani aliyekwambia mtoto ni jeki ya gari?" Fia aliuliza kutoka mlangoni.

"Ni kuzoea tu," Flippie alisema.

Delmarie aliishusha polepole, akiogopa kuikwaruza. "Baba, hakukuwa na ndogo?"

"Hakukuwa na ndogo, mama. Ilikuwa hii peke yake."

Uongo ule ulitoka mdomoni bila kukwama popote. Baadaye, alipoukumbuka, hilo ndilo lililomtia aibu zaidi: jinsi ulivyotoka kwa urahisi.

Mwanzoni walishirikiana kweli. Flippie alimkunjia, naye Delmarie alilenga makopo matupu waliyoyapanga juu ya ukuta wa birika. Lakini bunduki ilimlemea. Mtutu ulizama kama kichwa cha mtu mwenye usingizi, na punje zikaenda kupiga saruji. "Ngoja nikuonyeshe," Flippie alisema. Akamwonyesha. Kopo likaruka. Akamwonyesha tena. Kila Jumamosi kuonyeshwa kuliongezeka na kulenga kukapungua, na kwa kuwa ilikuwa lazima mtu fulani ayapange makopo upya, Delmarie ndiye aliyeyapanga.

Flippie alikuwa na furaha. Lazima lisemwe, kwa kuwa ni kweli. Alipiga mluzi akiwa juu ya minara. Alinunua punje nyingine kabla zile za kwanza hazijaisha. Jicho lake la kushoto lilifumba kabisa, likiwa limepata kazi yake hatimaye.

Kisha ikaja Jumamosi moja yenye upepo. Flippie alilipiga kopo la samaki katikati hasa, likaruka juu ya uzio na kuangukia kwenye vichaka vya miiba upande wa pili.

"Kimbia, Delma!" alipaza sauti. "Kimbia kabla upepo haujalichukua!"

Delmarie alikwisha kukimbia. Alipita chini ya waya, akainua sketi yake kwa mkono mmoja, akaingia miibani kwa ubavu, bega mbele, akiinua miguu juu ili miiba isimpate kisiginoni. Flippie aliutazama mwendo ule, na miguu yake mwenyewe ikaukumbuka kabla kichwa hakijakumbuka. Hakuna aliyemfundisha mtoto kupita miibani namna ile. Mwendo ule hujifunzwa na mtu anayetumwa mara nyingi.

Alirudi akihema, kopo akilitanguliza kwa mikono miwili. "Nimelipata, Baba. Umelipiga katikati kabisa." Alikuwa akitabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu anayengoja kusifiwa kwa kuokota. Hakuomba zamu yake. Flippie alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho aliiomba, na hakuweza.

Aliiegemeza bunduki ukutani. "Leo yatosha, mama."

"Lakini punje zimebaki."

"Yatosha."

Wiki ile kazi haikwenda. Juu ya mnara aliangusha spana, na mwenye shamba aliyekuwa amesimama chini akaruka kando akimuuliza kama anataka kumfanya mkewe mjane. Mchana alijiambia kwamba Kobus hakuwa baba yake, kwa hiyo mambo hayo hayafanani. Kisha akaona kwamba ndiyo sababu jambo lake yeye lilikuwa baya zaidi. Kobus hakuwahi kumwahidi nusu.

Alimweleza Fia yote, pamoja na ile ndogo iliyoachwa kwenye kaunta. Alitumaini labda atafarijiwa.

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," Fia alisema, akiendelea kumenya viazi. "Tena mimi si wa kuambiwa. Wa kuambiwa yuko nje anawalisha kuku. Na gulio ni Jumamosi hii."

Flippie alitoka. Delmarie alikuwa ameshika bakuli la mahindi, kuku wamemzunguka miguuni.

"Delma."

"Ndiyo, Baba."

"Dukani kulikuwa na bunduki ndogo."

Delmarie aliendelea kurusha mahindi. "Najua."

"Unajua?"

"Niliiona siku Mama aliponituma chakula cha kuku. Shangazi Hester alinipa niishike. Niliikunja mara moja tu, tak, ikashika."

Flippie alihisi kama aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. "Sasa kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

Delmarie alimtazama kama anayeulizwa jambo la wazi. "Ulikuwa unafurahi," akasema.

Hakumlaumu. Laiti angemlaumu. Flippie alisimama pale katikati ya kuku, mtu mzima mwenye madaraka ya nyumba, akiwa hana pa kuweka mikono yake.

"Nilikudanganya," alisema mwishowe. "Niliinunua kwa ajili yangu, nikakwambia ni yako. Nisamehe. Vaa viatu twende."

Shangazi Hester aliwaona wakiingia, baba na bunduki ndefu, mtoto nyuma yake, akavua miwani.

"Ehee," alisema. "Leo mguu umekuja na kiatu."

"Shangazi, utanicheka baadaye. Tunataka ile ndogo."

"Ile ndogo imeuzwa."

Delmarie aliinamia gunia la pumba akaanza kuchezea uzi wake, na Flippie akajua kwamba mtoto huyu amekwisha kujizoeza kutotaka vitu mbele yake.

Shangazi Hester naye aliliona hilo. Alizunguka kaunta, akaukunja mkono wa Delmarie, akapima kutoka mkunjo wa kiwiko mpaka kidole cha kufyatulia. Kisha akakilinganisha kipimo kile na kitako cha ile bunduki ndefu. Kitako kilizidi sana.

"Unaona, Flippie? Kipimo ndicho hiki tu. Wala si uchawi." Akaushusha mkono wa mtoto taratibu. "Nimeagiza nyingine kama ile. Inakuja na lori la Ijumaa, Mungu akipenda na gurudumu likipenda. Hii yenu imekwisha kutumika, duka haliipokei. Lakini kaka yangu anaitamani, na pampu yake haijazunguka tangu baridi ianze. Ukiitengeneza, yeye atamalizana na mimi, na ndogo ni ya huyu."

"Nitakwenda leo hii."

"Baba," Delmarie alinong'ona, akimvuta mkono wa shati, "sasa wewe utabaki na nini?"

"Nusu yangu."

"Ile ya kitako?"

"Ile ya kuokota makopo," Flippie alisema. "Naijua kazi hiyo kuliko mtu yeyote hapa Rietkuil."

Delmarie akacheka, kidogo kwanza, kisha sana. Flippie naye alicheka, ingawa kicheko hakikufika chini kabisa, mahali uongo ulipokuwa umekaa.

Pampu ya kaka yake Hester ilizunguka kabla ya siku kwisha. Mzee yule aliipokea bunduki ndefu, akakipapasa kitako cha rangi ya asali, na Flippie akageuka kukusanya vyombo vyake.

Ijumaa, baba na binti waliketi kwenye ngazi za duka la ushirika tangu lilipofunguliwa. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya ukumbi wa kanisa, wanaume walikuwa wakipigilia vigingi vya hema la shabaha, na mwanakondoo wa kesho alikwisha kufungwa kwenye kigingi, akila maua ya mchungaji wa kanisa. Jeandré alipita kwa baiskeli.

"We Delmarie! Bunduki yako iko wapi? Au mtakuja na ufagio?"

"Iko njiani!" Delmarie alijibu. "Kaoshe hayo masikio uusikie mlio!"

Flippie alitaka kucheka, ila hofu ilimbana. Kama lori lingekwama kwenye mchanga, kama dereva angelala mji wa pili, kesho mtoto angesimama nje ya hema akitazama wenzake, na hapangekuwa na mtu wa kulaumiwa ila mmoja. Adhuhuri ilipita. Fia aliwaletea mikate iliyookwa juu ya makaa, na Delmarie akala wake bila kuondoa macho barabarani. Kila mara alikunja mkono wake, akapima kiwiko mpaka kidole, kana kwamba unaweza kuwa umerefuka.

Kisha akasimama.

"Baba. Vumbi."

Flippie alifumba jicho la kushoto, akalenga upeo wa barabara. Vumbi lilikuwepo kweli, mbali, mahali njia inapokata vilima vya mawe. Lingeweza kuwa gari la kondoo. Lingeweza kuwa upepo tu.

"Ni lenyewe?" Delmarie aliuliza, akimshika mkono. "Baba, wewe unaona mbali. Niambie ukweli. Ni lenyewe?"

"Bado sijui, mama," alisema Flippie, na hakukubali kusema zaidi ya alichokiona. "Ngoja lipande kilima."