Kahawa ya Magige

Watu wa Kehancha walidhani Magige anapenda chai. Thubutu! Mkulima huyo wa tumbaku aliipenda kahawa tangu ujana wake, ila neno lenyewe lilimkwama kooni. Maneno yanayoanza kwa sauti ya "k" yalimtesa kuliko yote. Basi kila akiingia hotelini aliagiza kile ambacho ulimi ulikubali kutamka, akanywa chai miaka na mikaka, na roho inamuuma.

Mwaka wa 1994 akaenda Kisumu kwa Bi. Nyarangi, mtaalamu wa matatizo ya usemi. Huko alifundishwa kuvuta pumzi, kulianza neno polepole, na zaidi ya yote, kutolikimbia. Aliporudi akizungumza bila kukwama, majirani walipigwa na butwaa. Lakini Bi. Nyarangi alikuwa amemwonya, "Ukiacha mazoezi, Bwana Magige, kigugumizi kitarudi."

Kwa hiyo kila siku ya soko alikwenda hoteli ya Osman, akaagiza kahawa kwa mdomo wake mwenyewe. Alikuwa na sababu. Binti yake, Bhoke, alikuwa ameposwa, na Desemba wakwe wangekuja kuzungumzia ng'ombe wa mahari. Miaka yote hiyo, harusi kwa matanga, kaka yake Nyamohanga ndiye aliyemsemea. Safari hii Magige alitaka kumsimamia binti yake mwenyewe.

Osman naye, mtu wa watu, akamzoea. Akimwona tu mlangoni, kikombe kinatua mezani. Ukarimu huo nusura umponze! Wiki zikapita Magige akinywa bila kuomba, na siku moja akajikuta amekwama kwenye jina la Kehancha, mji wake mwenyewe.

Alishtuka kwelikweli. Soko lililofuata akakisukuma kikombe.

"Bwana Osman, hiki sijaagiza."

"Mzee wangu, si ndicho unachokunywa kila siku?"

"Niondolee. Nataka k... k..."

Hoteli nzima ikageuka. Jasho likamtoka. Osman alipofungua mdomo amsaidie, Magige akamwinulia kiganja, akavuta pumzi, akaanza upya, taratibu.

"Kahawa."

"Haya, mzee," Osman akasema, ameshaelewa. "Kuanzia leo, usipoagiza, hunywi."

Jamani, yule bwana ana moyo! Watu wazima wangapi watakubali kuaibika mbele za watu kwa ajili ya kikombe kimoja? Yeye alirudi soko baada ya soko, akikwama leo, akiteleza kesho, na hakuagiza chai tena.

Desemba ikafika. Wakwe wakaketi uani, na Magige akasimama.

"K... k..."

Nyamohanga akaanza kuinuka ili aseme kama alivyozoea, "Karibuni kwa ndugu yangu." Magige akamwinulia kiganja. Bhoke, aliyekuwa akija na sinia la vikombe, akasimama palepale. Baba yake akavuta pumzi.

"Karibuni kwangu," akasema.

Nyamohanga akakaa.