Bibi Niliyemtia Kwenye Video

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri video kwenye banda moja la Shanwe, hapa Mpanda. Nilikaa pembeni ya televisheni na maiki yangu, wazungu wakiongea mimi nawafunika kwa Kiswahili. Siri niliyoficha ni moja tu: Kiingereza sikukijua. Niliangalia sura na silaha, mengine nikatunga. Kwenye filamu za ngumi hiyo haikuwa shida, maana ngumi haihitaji mkalimani.

Tabu ilianza na tamthilia moja ya waandishi wa habari, mwanamume na mwanamke, wanaopeleleza mauzauza. Katika sehemu moja, ng'ombe wa kijiji wanakufa bila kuugua. Kivuli kinapita zizini, na kila kinapopita yupo bibi mmoja mwenye macho mekundu, ameshika taa. Ilikuwa Jumamosi mchana, nusu ya banda ni wafugaji. Niliona watu wamepoa, nikatia chumvi.

"Mnamuona mchawi huyo? Si bibi yetu wa vitumbua hapo nje? Macho si yale yale?"

Banda zima likacheka, nami nikavimba kichwa. Mwishoni waandishi na yule bibi waliongea sana. Sikuambulia kitu, kwa hiyo nikautumia muda huo kutangaza filamu ya kesho yake.

Bibi wa vitumbua alikuwa jirani wa banda. Macho yake yaliiva kwa moshi, na moshi huohuo ndio ulionilisha kila asubuhi. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wateja wake walipungua, kisha wakaisha kabisa. Ndama wa mfugaji mmoja akafa, watu wakasema lisemwalo lipo. Siku moja jiwe likatua juu ya bati lake. Mwanawe akaja kutoka Inyonga, akasema Jumatatu anamhamisha, aiache nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe kwa tofali walizofyatua wenyewe.

Jumamosi asubuhi bibi alinikuta nafagia banda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia nyie mmeniweka kwenye video. Hebu nionyeshe na mimi nijione."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikachomeka flashi, akakaa benchi la mbele. Maiki sikuiwasha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiangalia sehemu ile nikiwa nimefunga mdomo, na mwisho wake ukaeleweka bila hata neno moja. Yule bibi ndiye aliyekuwa akikifukuza kivuli kwa taa yake, zizi hadi zizi. Mwandishi wa kike akampigia magoti. Gazeti likatoka na picha yake, na kijiji kizima kikaja mlangoni kwake.

"Mbona wanampa mikono?" aliniuliza.

"Hakuwa mchawi, bibi. Alikuwa anawalinda."

Alinigeukia. "Watu uliwaambia hivyo?"

"Hapana."

"Basi waambie kesho. Wakielewa, mwanangu hatanihamisha. Wewe wanakuamini."

Nikamwambia sawa, na wakati ule nilikuwa nimedhamiria kweli.

Jumapili banda lilijaa mpaka madirishani. Spika yetu moja ilitundikwa nje, ivute wapita njia. Nilipochungulia nilimwona bibi amekaa kwenye kigoda chake chini ya spika ile, jiko lake halina moto, khanga ameivaa vizuri kama mtu anayekwenda kanisani. Nilishika maiki. Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga usiku kucha. Lakini ningesema vipi kwamba nilikosea, bila kusema kwamba sijui Kiingereza, na kwamba yote niliyowatafsiria siku zote yalikuwa ya kwangu? Niliona aibu. Sina sababu nyingine ya kujitetea nayo, ni aibu tu.

Nikakohoa. Nje, bibi akainua kichwa.

"Leo," nikasema, "ni ngumi mwanzo mwisho."

Watu wakashangilia. Nilipochungulia tena, kigoda kilikuwa kimeshaingizwa ndani.