Daktari Aliyekoroma

Shangazi yangu ana damu ya Mchina mwilini. Ndivyo asemavyo mwenyewe, na amekwisha kulisema hilo misibani, harusini, na mara moja mbele ya askofu. Alipokuwa msichana mdogo kwao Ukerewe, mamba alimkamata mguu akiosha vyombo ziwani. Wavuvi walimpokonya mamba huyo kwa kumpiga makasia, wakamvusha mtoto, akafikishwa hospitali upande wa Musoma akiwa hajitambui. Pale alikuwepo daktari wa kike kutoka China, nywele kasuka mikia miwili mifupi. Akamshona. Akaona mtoto hana damu, akajilaza kitanda cha jirani akamtolea ya kwake. Halafu, anasema shangazi, yule daktari akapitiwa na usingizi palepale akakoroma, na bibi yangu akakaa katikati ya vitanda viwili akiwapepea wote kwa upindo wa kanga.

Baba yangu, ambaye ni kaka yake, haamini. Siku hiyo yeye alikuwa shule ya bweni. Huko shuleni walikuwa wakiletewa gazeti la picha la Wachina, lililochapwa kwa Kiswahili, na toleo moja lilikuwa na habari ya daktari aliyemtolea damu mwanakijiji, kisha akainuka akitabasamu na kuendelea na kazi. Alikuja nalo nyumbani likizo.

"Mdogo wangu alilisoma gazeti langu," husema baba, "akajipachika humo."

Watu hucheka. Kovu la mamba halibishiwi, kwa sababu lipo na linatisha, ila damu wameifanya kichekesho cha ukoo. Kwenye harusi ya mdogo wangu baba alikirudia kwenye kipaza sauti. Shangazi aliinuka taratibu, akaenda kukaa jikoni na wapishi mpaka sherehe ikaisha. Tangu siku hiyo hakuisimulia tena. Mimi nampenda baba yangu, lakini siku ile nilimkasirikia kwelikweli.

Wakati huo nilikuwa naanza utafiti wa shahada ya pili hapa Mwanza. Wenzangu walitaka kuandika juu ya daraja la Kigongo walilojenga Wachina, na ni haki yao, lile daraja si la kuangalia mara moja ukaondoka. Mimi nikachagua madaktari wa China waliokuja kwetu enzi za ujana wa baba. Msimamizi wangu nilimpa sababu za kitaaluma. Sababu yenyewe ilikuwa imekaa jikoni na wapishi.

Kwenda China nisingeweza. Hata safari ya Nansio, hapo Ukerewe tu, naiwekea akiba. Nikabaki na kompyuta yangu ya mkononi, chumba changu cha Nyegezi, na bando la intaneti lililokuwa likiisha kila nilipokaribia jambo la maana. Nilidhani ningekuta vitu viwili vitatu. Nilikuta bahari. Kuna watu, sijui wakoje moyoni, wamekusanya barua za mabalozi na kumbukumbu za vikao vya wakubwa, wakazitafsiri, wakaziweka hadharani asome yeyote bila kuulizwa ametoka wapi. Kuna waliopiga picha magazeti yaliyooza pembe, ukurasa kwa ukurasa, miaka na miaka. Katika gazeti moja, kila ukurasa wa kushoto unaonyesha ncha ya kidole cha aliyekuwa akilishikilia lisijifunge. Nilikipenda kile kidole. Nilikuwa nakisalimia asubuhi kabla ya kuanza kazi, na mwenye nacho hatajua kamwe.

Ilikuwa ni humo, karibu na kidole, nilipoikuta habari aliyoisoma baba. Picha ni zilezile alizonisimulia. Nikafurahi, kisha nikafungua matoleo mengine furaha ikakatika. Habari hiyo ilikuwa imezagaa. Nchi hii daktari katoa damu, nchi ile daktari katoa damu, na kila mmoja anainuka akitabasamu kumwendea mgonjwa wa pili. Nikaona baba ameshinda. Nikaenda kwa msimamizi wangu, mama mmoja mkali asiyepoteza maneno, nikamwambia nimekwama.

"Hujakwama, umeanza," alisema. "Hadithi ikifanana kila mahali, uliza nani alikuwa anaisimulia na alitaka nini. Haina maana kwamba damu haikutoka. Pengine ilitoka, mwandishi akaipaka mafuta ing'ae. Sasa mtafute aliyeandika kitu kinachomwaibisha yeye mwenyewe. Huyo hana sababu ya kukudanganya."

"Nimetafuta sana, mama."

"Kwa lugha gani?"

"Kiingereza. Na Kiswahili."

"Hao madaktari, wakienda kupumzika kwao uzeeni, wanakumbushana kwa Kiingereza?"

Akili za kuambiwa, changanya na zako, ndiyo; lakini hapa zangu zilikuwa hazijafika hata mlangoni. Niliporudi nyumbani nilimwomba mkalimani wa kompyuta anipe kwa Kichina maneno ya kutafutia: kikosi cha madaktari, Tanzania, ziwa, mamba. Nikayabandika. Kompyuta ikaniletea mikoba ya ngozi ya mamba, ya kila rangi, na mikanda.

Nilijifunza polepole. Nilikuja kuelewa kwamba madaktari walitumwa jimbo kwa jimbo, na waliokuja Tanzania Bara walitoka zaidi Shandong, basi nikaacha kubisha hodi Beijing nikaenda huko. Na hapo ndipo nilipowavulia kofia. Wenzetu wale, kila wilaya imeandika historia yake: mafuriko yake, shule zake, nani alichimba mfereji gani, nani alitumwa ng'ambo. Nyingi zimewekwa mtandaoni. Nilijaribu kuiwaza wilaya ya Misungwi hapa jirani ikiandikwa hivyo, kila kisima na kila mwalimu, nikaona wivu wa haki kabisa.

Katika kurasa za hospitali moja ya huko nilikuta kona ya wastaafu. Hakuna mapambo, ni wazee wanakumbuka. Mmoja, mwanamke, alikuwa ameweka picha ya ziwa lenye mawe makubwa, na chini yake maelezo marefu ambayo mkalimani wangu wa kompyuta aliyatafsiri kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Lakini neno mamba lilikuwepo. Nilimpelekea dada mmoja wa hapa mjini aliyesomea udaktari China. Aliyasoma yote, kisha akanipigia simu badala ya kuandika.

Mzee yule alikuwa akimkumbuka msichana aliyeletwa kutoka kisiwani, mguu umefungwa kwa kipande cha wavu. Alisema alimtolea damu kwa kuwa yake ilikubaliana na ya mtoto. Alitakiwa kuinuka aendelee na kazi, wagonjwa walikuwa wengi. Akalala. Alipoamka, mama wa mgonjwa alikuwa anampepea, na wauguzi wanacheka, kwa sababu alikuwa amekoroma. Katika taarifa ya kikosi waliandika kwamba aliinuka akaendelea na kazi, na jambo hilo limemtia haya muda wote huu. Mwishoni alisema alihamishiwa kituo kingine kabla msichana hajasimama. Hakupata kujua kama aliishi.

Nilikaa sakafuni nikalia. Sikulia kwa huzuni.

Jumamosi nilipanda meli kwenda Nansio. Baba naye alikuwa kule, amekwenda kuangalia shamba. Niliwakuta wamekaa barazani kwa shangazi, kila mmoja na upande wake wa benchi. Baada ya shikamoo na chai, nikawaambia nina kitu cha kuwasomea. Nilisoma taratibu mpaka mwisho.

Baba alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. "Rudia hapo pa kukoroma," alisema.

Nikarudia. Lile gazeti lake halikuwa na mkoromo, na yeye ndiye aliyelijua kuliko sote.

Nilimtazama shangazi nikitegemea aseme neno. Alikuwa na haki ya kusema mengi. Badala yake akauliza, "Yu hai?"

"Sijui, shangazi. Ukurasa hauna tarehe. Ila chini kuna mahali pa kumwandikia."

"Sasa mbona tumekaa? Mtu ameuliza swali, kama naishi au siishi, na hajajibiwa." Akamgeukia baba. "Kaka, wewe ndiye mwalimu. Andika."

Nikamwekea baba kompyuta magotini. Tungeandika kwa Kiswahili, dada yule wa mjini aigeuze barua kwa Kichina. Baba akaanza kwa heshima na taadhima, na matumaini kwamba barua hii itakukuta u buheri wa afya. Shangazi akamzuia.

"Huyo ni mzee, usimchoshe. Andika: niliishi."

Baba akafuta yote, akaandika.

"Andika natembea. Nachechemea kidogo mvua zikianza. Nina watoto na wajukuu, na huyu aliyekutafuta ni wa kwetu." Akashika goti lake. "Mwambie mama yangu alikuwa akimpepea yeye zaidi kuliko mimi. Mimi niliona. Nilipomuuliza baadaye, akaniambia yeye ni mgeni, nzi wa huku hajawazoea."

Baba aliandika kwa vidole viwili, herufi moja moja, bila kuongeza wala kupunguza. Shangazi akasema imetosha, akaingia ndani kuangalia samaki jikoni.

Baba hakunirudishia kompyuta. Aliitazama kwa muda, kisha akaandika mstari mwingine chini ambao hakuna aliyemwambia.

Mimi ni kaka yake. Asante kwa damu uliyompa.