Mapera Makavu ya Makere

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ndogo ya matunda mjini Kasulu, mkuu wa maabara alinikabidhi bureti, mrija mrefu wa kioo wenye koki chini, akaniambia, "Binti, hapa tunadondosha tone kwa tone. Ukichoka, pumzika. Usikisie."

Tulikuwa tukipima vitamini C. Juisi ya tunda tuliichanganya na wanga, kisha tukaidondoshea iodini taratibu. Vitamini huimeza ile iodini. Vitamini ikiisha, juisi inageuka bluu. Tunda linalomeza iodini nyingi ndilo lenye vitamini nyingi. Ni kazi ya kusimama na kukodoa macho. Niliifanya Kasulu, nikahamishiwa Kibondo, nikarudishwa Kasulu, mgongo ukiniuma kote huko.

Niliporudi, akina mama wa kijiji cha Makere walituletea mapera waliyoyakata na kuyakausha juani. Kiongozi wao, Dafroza, mtoto wa wakimbizi wa Burundi aliyezaliwa hukuhuku, alikuwa amepata mnunuzi. Mnunuzi alitaka kwanza yapimwe.

Niliyasaga, nikayaloweka, nikadondosha iodini. Matone machache tu, bluu. Nikarudia. Bluu. Nikaenda kwa mkuu mpya wa maabara.

"Jua limeimaliza vitamini," alisema. "Andika ulichokiona."

"Wameanika msimu mzima, mzee."

"Najua. Nenda ukawaambie mwenyewe, wasije wakasikia kwa mnunuzi."

Nilikwenda. Dafroza alinisikiliza ungo ukiwa mkononi. Halafu akauliza, akianza kwa Kiha chake, "None? Sasa basi, tuyaanike wapi?"

Nilimwambia wajaribu kivulini, penye upepo, vipande vyembamba. Sikuthubutu kumwahidi kitu.

Msimu uliofuata waliyaleta tena. Nilidondosha, nikadondosha, juisi ikakataa kugeuka. Nilikaa chini, nikacheka peke yangu. Lakini mnunuzi alikuwa ameshahamia kwingine, hata simu hakupokea.

Sasa nimestaafu. Miguu inavimba, na macho hayatofautishi tena bluu na zambarau. Vipimo vingi nilivyofanya sijui vilimfaa nani. Majuzi nilipita Makere, nikakuta vichanja vimejaa mapera chini ya paa la nyasi. Nikamuuliza Dafroza kama amepata mnunuzi mwingine.

"Hapana, mama," alisema, akiwagawia wajukuu vipande. "Tunakula wenyewe."

Nikaomba kigoda, nikakaa, nikala nao.