Binti Yangu Alipovunja Ungo

Biashara yangu ya nazi pale Kariakoo niliijenga kwa mikono hii, nikianzia mihogo ya kukaanga kwenye kibaraza cha watu. Shule sikuingia. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Kwa hiyo sitaki mtu anieleze maana ya kuhangaika.

Nilizaa mtoto mmoja tu, wa kike, na akili yake ilikuwa nzito. Siku zile tulisema taahira, na mimi nililisema neno hilo kama wenzangu. Baba yake alikwenda kwao Tanga kuangalia shamba, akalipenda shamba. Tukabaki wawili katika chumba cha nyumba ya Kiswahili nyuma ya soko, wapangaji wengi, ua mmoja. Nikienda kuuza, nilimfungia ndani. Ningemweka wapi?

Balozi wetu wa nyumba kumi ndiye aliyeniambia kwamba ng'ambo ya bonde la Msimbazi, kwenye shule moja ya msingi, kumefunguliwa darasa la watoto kama wangu. Nafasi zilitolewa na watu wa ustawi wa jamii, nao walinizungusha njoo kesho, njoo kesho, mpaka nikaanza kwenda na mkeka na ungo wa mchele. Nikakaa mlangoni kwao nachambua. Walinichoka wao kwanza.

Darasani alijifunza kufunga vifungo, kunawa, kungoja zamu yake. Jioni moja niliporudi kutoka sokoni akaniamkia, "Shikamoo mama," bila kuambiwa na mtu. Nikaitika marahaba, nikatoka uani nikasimama. Sikuwa na wa kumweleza.

Halafu akavunja ungo, na akavunjia darasani. Aliona damu akaogopa, akavua sare mbele ya wote. Mwalimu, binti wa Kichaga mwenye adabu zake, akaniita pembeni. Alisema yaya ni mmoja na watoto ni wengi, hawezi kumshughulikia kila mwezi. Nikae naye nyumbani kwanza, nimfundishe kujihudumia. Akichelewa au akishindwa, nafasi atapewa mwingine.

"Si kazi yangu hiyo," nikamwambia.

Akanitazama kama mama asiyempenda mwanawe. "Mama, ni kazi ya nani sasa?"

Ni kazi ya kungwi. Kwetu pwani mama mzazi hazungumzi na bintiye mambo hayo, ni aibu kwa wote wawili. Hutafutwa mwanamke mwingine, mtu mzima mwenye heshima, akamweka mwari ndani akamfunda. Mwalimu alisikiliza yote, kisha akasema basi huyo kungwi afanye haraka.

Kungwi tulikuwa naye nyumbani mle mle, chumba cha uani. Mabinti wa mtaa mzima walipita mkononi mwake. Nilipompelekea maneno yangu aliendelea kusuka ukili wa mkeka bila kuniangalia.

"Mwenzangu, mwari anafundwa ili aolewe. Huyu wako nimfunde aende wapi?"

"Aende shule," nikasema.

Akacheka, na wanawake waliokuwa uani wakacheka naye. Nilirudi tena na tena, nikampelekea doti ya kanga, na kanga wakati ule zilipiganiwa kwa foleni dukani. Mwishowe akakubali, kwa sharti kwamba ngoma haitapigwa.

Akamfunda kama alivyofunda wote. Na kungwi hasemi jambo waziwazi. Anaimba, anafumba, na mwari akifumbua ndipo amejua. Nilikuwa nje ya mlango nikimsikia akiimba habari za mwezi na kisima na mtungi usiofunikwa. Mwanangu alifurahi mno. Alipiga makofi, akataka nyimbo zirudiwe. Kungwi alipotoka aliniambia amemaliza, na kwa kweli alikuwa amefanya kazi yake yote, hakunidhulumu.

Mwezi ulipofika, mtoto alilowa akakaa vile vile, anapiga makofi.

Nikamwambia kungwi amweleze tena, lakini wazi, bila fumbo. Akajibu kwamba maneno hayo hayasemwi wazi, hajawahi kuyasema na hatayasema. Siku za kumrudisha mtoto darasani zilikuwa zinaniishia. Nikafunga mlango, nikachana kanga yangu kuukuu vitambaa, nikamwambia mwenyewe. Hii ni damu. Hujaumia. Inatoka hapa. Kitambaa kinakaa hivi. Kikilowa unatoa, unafua kwa maji baridi, unaweka kingine. Nikamwonyesha, nikarudia, nikamwonyesha. Kiambaza cha nyumba zile hakizuii neno, na uani nilisikia kumekuwa kimya. Walikuwa wanasikiliza mama anamtajia mwanawe mambo kwa majina yake.

Nilipotoka kuchota maji hakuna aliyenisogelea. Kungwi alisema, si kwangu, kwa ndoo yake: "Kuna watu kazi ya heshima wanaifanya ya sokoni."

Nikamrudisha shule, na mwezi uliofuata alijihudumia huko huko, peke yake, chooni. Mwalimu aliniambia huku anatabasamu, akanishika mikono. Nafasi ikabaki yake. Nikarudi Kariakoo na habari ile kifuani, nikapita kina mama waliokaa kibarazani, nikawaamkia, wakaitika, wakaendelea na yao.

Binti wa chumba cha mbele alipotolewa unyagoni, ngoma ilipigwa mbele ya mlango wangu na mimi sikuambiwa. Nazi za karamu walinunua kwa mtu mwingine. Nilimchukua mwanangu tukaenda kukaa bustani ya Mnazi Mmoja mpaka walipomaliza. Alikuwa akitikisa mabega kwa ngoma aliyoiacha nyumbani.

Sijutii. Ningengoja fumbo lifumbuke, angerudi kufungiwa ndani. Lakini niliishi nyumba ile miaka mingi baadaye, na kungwi tulibaki kwenye salamu tu mpaka alipokufa. Kila mwezi mwanangu alifua vitambaa vyake mwenyewe, akavianika chini ya kanga ili mwanamume asione, kama nilivyomwambia. Wanawake wa nyumba ile walipita kwenye kamba ile wakienda kisimani na kurudi. Hakuna hata mmoja aliyesema ameona.